Uchaguzi wa Koti Jepesi la Kupigia Mbizi: Hesabu ya Kilo Itangulie Hesabu ya Fedha

(Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya pwani na visiwani)



Katika chama cha msingi kilicho kando ya bahari, ombi la kununua vifaa vya mbizi laweza kufika mezani kwa katibu siku yoyote. Wapo wenyeji wa pwani ambao riziki yao ni kuwaongoza wageni chini ya maji, kuanzia Mkondo wa Pemba na Mnemba hadi Ghuba ya Chole huko Mafia, ambako Hifadhi ya Bahari iliundwa mwaka 1995. Ombi la namna hiyo aghalabu huja na kurasa za katalogi, na neno linalong'aa kuliko yote katika kurasa hizo ni "jepesi". Madhumuni ya hotuba hii ni kumwezesha katibu, ambaye pengine hajapata kuzamia hata mara moja, kuuliza maswali yapasayo kabla ya kutia sahihi kwenye hundi. Fedha ya chama ikinunua jembe baya, hasara ni ya msimu mmoja. Ikinunua koti baya la mbizi, hasara yaweza kuwa mtu.

Kazi ya koti

Koti la mbizi ni mfuko wa hewa ulioshonewa mikanda. Mtungi wa hewa hufungwa mgongoni mwake, na mpira mwembamba huleta hewa kutoka mtungini hadi kwenye mfuko. Mzamiaji akibonyeza kitufe kimoja, hewa huingia naye huinuka; akibonyeza cha pili, au akivuta kamba ya vali, hewa hutoka naye hushuka. Kwa njia hiyo hukaa katikati ya maji bila kuzama wala kupanda, na bila kuyakanyaga matumbawe.

Kifaa hiki ni kipya kuliko mtungi wenyewe. Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza kifaa chao cha kupumulia mwaka 1943, na kwa miaka mingi baadaye watu walizamia bila koti. Mfuko wa shingoni wa Maurice Fenzy ulitokea mwaka 1961, na koti la kuvaa kama kizibao lilitolewa na Scubapro mwaka 1971.

Nguvu ya koti hutokana na ukubwa wa mfuko wake. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo moja na kidogo. Basi kila lita ya hewa iliyo ndani ya mfuko huinua takriban kilo moja. Mfuko wa lita 12 huinua yapata kilo 12. Hata hivyo, hewa haidumu na ukubwa mmoja. Ile iliyojaa lita 4 usoni mwa maji hubaki lita 2 katika kina cha meta 10, na lita 1 katika kina cha meta 30. Mtu akipanda, mambo hugeuka: hewa hutanuka, koti humvuta juu kwa nguvu zaidi, na mwendo wake huongezeka. Apandaye kwa kasi huku amezuia pumzi aweza kupasuka mapafu. Ndiyo sababu vali za kutolea hewa zina maana kubwa kuliko rangi ya kitambaa na wingi wa mifuko.

Jambo moja lisisahauliwe. Koti la mbizi si koti la kuokolea maisha. Kipimo cha Ulaya cha makoti haya, EN 1809, hakidai kwamba koti litamgeuza aliyezimia ili uso wake uelekee juu. Makoti ya uokozi yaliyomo ndani ya mashua yabaki palepale, hata kama kila mtu amevaa koti la mbizi.

Hesabu ya kilo

Kabla ya kutazama bei, katibu amtake mzamiaji aandike hesabu ya kilo. Hesabu hiyo ni rahisi kama ya daftari la mazao.

Mtungi wa aluminiamu wa lita 11, uliojazwa kwa kipimo cha baa 200, una hewa yenye uzito wa kilo 2.5 na zaidi kidogo. Hewa hiyo huvutwa hadi karibu iishe. Kwa hiyo mzamiaji aliyejipima vema huwa mzito kwa kilo hizo mwanzoni mwa mbizi. Andika 2.5.

Vazi la mpira lenye unene wa milimeta 3, linalotosha katika maji yetu yenye joto la nyuzi 25 hadi 29, hubanwa na kina na kupoteza sehemu ya uelezi wake. Andika 2, kwa tahadhari.

Mtu anapongoja mashua, kichwa chake hutakiwa kiwe juu ya maji, nacho kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Andika 5.

Jumla ni kilo 9.5. Ikiongezwa akiba ya kilo 3 au 4 kwa ajili ya mawimbi na kumsaidia mwenzi aliyechoka, yatokea 12 hadi 14. Hicho ndicho kipimo cha maji ya joto. Mzamiaji wa bahari baridi, mwenye vazi nene na mtungi wa chuma, huhitaji zaidi, na makoti mengi makubwa yalitengenezwa kwa ajili yake. Mwanachama wa Mafia hana sababu ya kulipia na kubeba kilo za baridi isiyomhusu. Hapa ndipo koti jepesi linapopata haki yake.

Lakini hesabu hiyo hudai kujipima kwema. Mwenye risasi nyingi kupita kiasi huhitaji hewa nyingi kumwinua, na hewa hiyo hutanuka anapopanda. Kipimo ni hiki: mtungi ukiwa umebaki na baa 50 na koti likiwa tupu, mtu asimame wima majini akipumua kawaida, maji yafike usawa wa macho, na akitoa pumzi azame polepole. Mtungi wa aluminiamu ulio mtupu huelea kwa kilo 1.5 hadi 2, kwa hiyo apimaye kwa mtungi uliojaa hujidanganya.

Lebo za makoti hutaja nguvu kwa vipimo mbalimbali. Nyuta 10 ni sawa na kilo moja, na kilo moja ni ratili 2.2, basi koti la nyuta 140 na koti la ratili 31 ni mamoja. Tena, katika aina nyingi koti dogo huinua kidogo kuliko koti kubwa la jina lilelile. Katibu asome kipimo cha ukubwa anaoununua, asisome kile kikubwa kilichotangazwa juu ya ukurasa.

Kilichoondolewa ili koti liwe jepesi

Koti la kawaida lina uzito wa kilo 3.5 hadi 5. Koti la safari lina kilo 2 hadi 3. Tofauti hiyo haikutoka hewani. Kuna vitu vilivyoondolewa, na mnunuzi apaswa kuvijua kimoja kimoja.

Kwanza, bamba gumu la mgongoni. Koti lisilo na bamba hukunjika na kuingia katika mfuko mdogo, ila mtungi waweza kuyumba. Pengine mkanda wa kufungia mtungi ni mmoja tu, na mkanda wa nailoni hulegea ukilowa. Yafaa uloweshwe kabla ya kufungwa, kisha mtungi uinuliwe kwa kushika koti ili kuonekana kama unateleza. Penye hiari, mikanda miwili ni bora.

Pili, sponji. Hii ni hasara ndogo na faida kubwa, kwa kuwa sponji huelea na hudai risasi zaidi kiunoni. Koti lisilo na sponji hukauka upesi pia.

Tatu, unene wa kitambaa. Nyuzi hupimwa kwa dinieri; makoti mazito hutumia dinieri 840 au 1,000, na mepesi hutumia 420 au hata 210. Kitambaa chembamba kitunzwacho hudumu, lakini hakipendi kuburutwa juu ya mchanga wala kusuguliwa na ubao wa mashua.

Nne, mifuko ya risasi na pete za chuma. Makoti mengi mepesi yana mifuko midogo ya uzito au hayana kabisa. Hilo halidhuru, maadamu mzamiaji ana mkanda wa risasi wenye bizimu ifunguliwayo kwa mkono mmoja wakati wa dharura.

Tano, mahali pa mfuko wa hewa. Mengi yana mfuko wa mgongoni peke yake. Chini ya maji jambo hilo ni zuri, kwa kuwa mwili hulala sawa na kifua hakibanwi. Usoni mwa maji, koti hilo likijazwa kupita kiasi humsukuma mvaaji kifudifudi. Dawa yake ni kutia hewa ya kutosha tu na kujilaza nyuma, naye mgeni hana budi kufundishwa hayo kabla ya kuingia majini.

Kuna vitu visivyopaswa kuondolewa kwa hoja yoyote ya wepesi: vali ya kutolea hewa begani na nyingine chini nyuma, vali inayojifungua yenyewe mfuko unapojaa mno, mdomo wa kujazia kwa pumzi, na vitufe viwezavyo kutofautishwa kwa kupapasa. Koti lililokosa kimojawapo lirudishwe, hata likiwa la bure.

Nani anunuliwe koti jepesi

Koti jepesi limetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja asafiriye. Mwongozaji anayevuka kutoka kisiwa hadi kisiwa hufaidika nalo. Ndege ndogo za visiwani aghalabu humruhusu abiria kilo 15 tu. Kifaa cha kupumulia, mapezi, vazi la mpira na kioo cha macho huchukua kilo 6 hadi 8, na risasi hukodiwa afikako. Kilo 2 zilizopunguzwa kwenye koti ni nguo zake na taa yake.

Makoti ya kukodisha kwa wageni ni habari nyingine. Hayo huvaliwa kila siku na watu wa maumbo mbalimbali, hutupwa mashuani, hushikwa na wasiojua. Kwa kazi hiyo chama kinunue makoti mazito, yenye kitambaa kinene na ukubwa wa aina tatu au nne. Akiba ipatikanayo kwa kununua mepesi kwa kazi nzito huliwa na matengenezo. Katika orodha ya koti kumi, pengine mawili au matatu ya waongozaji yatakuwa mepesi na yaliyosalia yatakuwa ya kawaida. Yote, kwa kadiri iwezekanavyo, yawe na kiungio cha mpira wa hewa cha aina moja, ili kikiharibika cha huyu kitumike cha yule. Na muuzaji aeleze kwa maandishi iwapo vali na washa za akiba zapatikana.

Kupokea na kutunza

Koti likifika, lisiingizwe ghalani kabla ya kujaribiwa. Lijazwe mpaka vali ya usalama ifunguke na kujifunga yenyewe, kisha liachwe usiku kucha. Likikutwa limenywea asubuhi, lizamishwe katika pipa la maji mapovu yaonekane yatokako. Vitufe vibonyezwe mara nyingi. Kitufe kinachonata chaweza kujaza koti bila idhini ya mvaaji, na hiyo ni ajali ya kupanda kwa kasi.

Adui mkubwa ni chumvi. Baada ya kazi ya kila siku koti lioshwe kwa maji baridi yasiyo ya bahari, nje na ndani. Maji yatiwe mfukoni kwa kupitia mdomo wa kujazia, yatikiswe, yamwagwe kwa vali ya chini. Kisha litiwe hewa kidogo na kutundikwa kivulini, mbali na jua na petroli. Katika daftari la vifaa kila koti lipewe namba yake, na tarehe ya kununuliwa, ya kukaguliwa na ya kutengenezwa iandikwe. Koti lenye shaka lifungwe utepe mwekundu na lisitoke mpaka fundi athibitishe.

Ndugu Wanachama, mafunzo ya mbizi hayana badala, na hakuna koti linalomfanya asiyejua awe mjuzi. Lakini katibu aliyeidai hesabu ya kilo, akauliza kilichoondolewa, akajua koti ni la nani, ametimiza sehemu yake. Siku ya kusi, mawimbi yakiwa makubwa na mashua ikichelewa kufika, mwanachama aliye majini atakuwa akiegemea maswali yaliyoulizwa ofisini miezi mingi kabla.