Siyo Kila Namba Hujumlishwa

(Mazungumzo na wanakisomo waliohitimu)



Katika kisomo tulijifunza kuandika namba. Kisha tukajifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Leo tuzungumze juu ya jambo moja tunalolisahau mara nyingi. Namba ni za aina mbali mbali, na kila aina ina kazi yake. Tukizichanganya, hesabu yaweza kuwa sahihi lakini jibu likawa la uongo.

Mwaka 1946 mtaalamu wa Marekani, S. S. Stevens wa Chuo Kikuu cha Harvard, aligawa vipimo katika mafungu manne. Mafungu hayo yote tunayo hapa hapa kijijini. Haya, tuyatazame.

Fungu la kwanza ni namba za jina. Mchezaji wa mpira huvaa jezi namba 10, mwenzake namba 5. Je, wa 10 ni hodari mara mbili? Hata kidogo! Namba hiyo ni jina tu. Namba za nyumba ni hivyo hivyo. Kazi yake ni kutambulisha. Hatuzijumlishi.

Fungu la pili ni namba za daraja. Hizi zina mpangilio. Tuseme mtoto wa kwanza darasani amepata alama 90, wa pili 89, wa tatu 40. Ukisikia "wa kwanza, wa pili, wa tatu" unajua nani yuko mbele. Lakini hujui amemwacha mwenzake kwa kiasi gani. Wakulima wa pamba wanalijua jambo hili: pamba safi ni bora kuliko pamba fifi, lakini daraja peke yake halisemi ni bora kwa kiasi gani.

Fungu la tatu ni namba za hatua sawa. Mfano ni saa. Kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 4 ni muda wa saa mbili. Basi, saa 4 ni mara mbili ya saa 2? Hebu tazameni simu. Saa 2 yetu simu inaandika 8, na saa 4 inaandika 10. Kumi siyo mara mbili ya nane! Tofauti ni ile ile, saa mbili, lakini mahali pa kuanzia kuhesabu tumepachagua wenyewe. Namba hizi tunaweza kuzitoa, lakini hatusemi "mara mbili".

Fungu la nne ni namba zenye sifuri ya kweli. Kilo, sentimita na shilingi zimo humu. Sifuri maana yake hakuna kitu. Kilo 40 ni mara mbili ya kilo 20, bila ubishi. Ndiyo maana, ndugu mkulima, kabla hujapakia mzigo wako tazama mizani tupu. Kama haisomi sifuri, usikubali kupimiwa.

Sasa mtauliza, haya yote yana faida gani? Tuzungumze juu ya watoto wetu.

Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mkono wa juu kwa utepe wenye rangi. Sentimita 12.5 na zaidi ni kijani. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni manjano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Tuseme kamati inaandika nyekundu 1, manjano 2, kijani 3. Watoto wawili wamepimwa: mmoja nyekundu, mmoja kijani. Moja na tatu ni nne. Gawanya kwa mbili, unapata 2. Kamati inatangaza, "Watoto wetu wako manjano."

Ndugu zetu, yuko wapi huyo mtoto wa manjano? Hayupo! Yupo mtoto wa nyekundu anayehitaji kupelekwa zahanati leo hii, na hesabu yetu imemficha. Rangi ni daraja. Tuandike hivi: nyekundu mtoto 1, manjano 0, kijani 1.

Tena tuandike na sentimita. Mtoto akitoka 12.4 akafika 11.6, rangi ni manjano ile ile. Mama atadhani hakuna kilichobadilika. Kumbe mkono umepungua milimita 8, na nyekundu iko jirani. Sentimita inasema mapema kile ambacho rangi itasema baadaye.

Basi, mkirudi nyumbani fungueni madaftari ya kijiji na kadi za watoto. Kila mnapokuta namba, ulizaneni: ni jina, ni daraja, ni hatua, au ina sifuri ya kweli? Mkishajibu, ndipo mshike kalamu mkokotoe.