Gunia Linakwenda Mjini, Hesabu Inabaki Miono

Mhadhara wa umma, Miono, Halmashauri ya Chalinze



Nimeombwa nizungumzie mwenendo wa gesijoto nchini Tanzania tangu miaka ya 1990. Mada hii huwa inasomwa Dar es Salaam na Dodoma. Nimeomba tuisomee hapa kwa sababu sehemu kubwa ya yale yanayoandikwa kwenye ripoti za taifa hutokea mahali kama hapa, kwenye matanuri ya mkaa, kwenye mashamba mapya ya ufuta na mahindi, na nyuma ya makundi ya ng'ombe yanayotafuta maji ya Mto Wami. Nina jambo moja la kusema. Hesabu ya nchi yetu inaonyesha mahali mti ulipoanguka, lakini haionyeshi mkaa wake umempikia nani.

Tuanze na sehemu ya hesabu isiyo na ubishi mkubwa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 1996, na mwaka 2003 ikapeleka taarifa yake ya kwanza. Mwaka 1990 hewaukaa iliyotokana na mafuta, makaa ya mawe na gesi asilia ilikuwa takriban tani milioni 2. Kufikia mwisho wa miaka ya 2010 ilikuwa imepita tani milioni 10. Malori yaliongezeka, saruji ikaongezeka, na umeme ukabadilika. Nchi ilitegemea sana mabwawa. Mvua zilipogoma mwaka 2006, na tena 2011, mitambo ya mafuta na gesi ndiyo iliyobeba mzigo. Gesi ya Songosongo ilikuwa imeanza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004. Mwaka 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilianza kuwashwa, na hilo litaonekana katika hesabu za miaka ijayo. Hata hivyo, ukigawa hewaukaa hiyo yote kwa idadi ya Watanzania, kila mmoja wetu anapata chini ya robo tani kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unapita tani 4. Hakuna wa kutunyooshea kidole kwa hilo.

Hesabu yetu nzito iko ardhini. Na huko ndiko msomaji wa takwimu anapotakiwa kuwa makini, maana tarakimu zinaweza kupanda bila msitu kubadilika. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, inayojulikana kwa jina la NAFORMA, ilitoa matokeo yake mwaka 2015: Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, na inapoteza hekta 372,816 kwa mwaka. Muda mfupi baadaye, Serikali ilipoandaa kiwango rejea cha misitu kwa ajili ya Umoja wa Mataifa, upotevu ulikadiriwa kuwa hekta 469,420 kwa mwaka. Ukiziweka tarakimu hizi mbili kwenye mstari mmoja utasema uharibifu umeruka karibu hekta laki moja. Hapana. Miaka iliyopimwa si ile ile na njia ya kupima si ile ile. Mifugo nayo ina kisa kama hicho. Katika majedwali ya zamani kilo moja ya methani inayotoka kwa ng'ombe ilihesabiwa sawa na kilo 21 za hewaukaa. Baadaye wanasayansi walirekebisha, ikawa 25, kisha 28. Ng'ombe ni yule yule na majani ni yale yale, lakini jumla ya taifa imepanda. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba gesijoto zetu zimeongezeka kwa asilimia kadhaa, uliza kwanza kama miaka yote miwili ilipimwa kwa kipimo kimoja.

Sasa twende kwenye tanuri, ambalo wengi humu ndani wanalijua kuliko mimi. Magogo yanapangwa, yanafunikwa nyasi, kisha udongo, na moto unatiwa mdomoni. Moshi wa kwanza ni mweupe na mzito, kwani kuni zinatoa maji. Ukishageuka kuwa mwembamba na wa bluu, mchomaji anajua kuni zimeiva na anaziba hewa. Usiku halali, maana udongo ukipasuka na yeye hayupo, asubuhi anakuta majivu. Katika tanuri la udongo kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa. Zilizobaki zimepanda juu, na kwa kuwa moto ule umenyimwa hewa, sehemu ya moshi wake ni methani.

Mkaa unatiwa kwenye gunia, unajazwa lumbesa, unafungwa nyasi juu, unapakiwa kwenye pikipiki, na safari ya barabara ya Mandera inaanza. Hapo ndipo hesabu inapotengana na gunia. Kanuni za kimataifa zinasema hewaukaa ya kuni na mkaa isijumlishwe inapochomwa jikoni, kwa sababu upungufu wa miti umeshaandikwa kule mti ulikokatwa. Jikoni zinahesabiwa gesi ndogondogo tu, kama methani. Kanuni hii ina sababu nzuri, kwani inazuia hewaukaa ile ile isihesabiwe mara mbili, nami siipingi. Lakini tazama inachokizaa mtu anaposoma ripoti haraka haraka. Jiji linalokula mkaa linaonekana safi, na kijiji kinachouchoma kinaonekana ndicho adui wa msitu.

Na jiji linaula kweli. Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika milioni 2.5 mwaka 2002. Mwaka 2022 walikuwa milioni 5.38. Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2009 kwamba kati ya 2001 na 2007 kaya za jiji hilo zinazotegemea mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71, na kwamba karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania huishia huko. Mwaka 2010 Antje Ahrends na wenzake walichapisha utafiti uliopima jinsi misitu inavyodhoofika kuanzia jijini kwenda nje. Kati ya 1991 na 2005 uvunaji wa miti ya mbao za thamani ulisogea takriban kilomita 9 kila mwaka, na uchomaji mkaa ukafuata nyuma kwa kilomita 2 kila mwaka. Kwanza wanatoka wenye misumeno kutafuta mninga na mkongo, halafu miti iliyobaki inakuwa mkaa. Miono iko zaidi ya kilomita 100 kutoka jijini, na msitu wa Zaraninge ulio jirani yetu umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Umbali na hifadhi vimetusaidia. Barabara nzuri inaupunguza umbali.

Pwani hii imewahi kuona hesabu ya namna hiyo ikivuka bahari. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Sweden, SEKAB, ilikuja na mpango wa kulima miwa kwenye shamba la Razaba, iliyokuwa Ranchi ya Zanzibar Bagamoyo, ili kutengeneza ethanoli ya magari. Ethanoli ikichomwa Stockholm, hewaukaa yake haijumlishwi Sweden. Vichaka ambavyo vingefyekwa Bagamoyo vingeandikwa Tanzania. Mradi ulipita mikono mingine, na mwaka 2016 Serikali ilifuta hati ya ardhi kabla ya kiwanda kujengwa. Watu wengi wanaukumbuka kama mgogoro wa ardhi, na ulikuwa hivyo. Kwangu ulikuwa pia somo la nani anaandikiwa nini.

Katika ahadi yake ya mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris, Tanzania ilisema itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Kipimo chake ni kile ambacho kingetokea kama hatua zisingechukuliwa, kwa hiyo jumla ya taifa inaweza kuendelea kupanda na ahadi ikawa imetimia. Mwaka 2024 ukazinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie kufikia 2034. Ninauunga mkono kwa moyo wote, hasa kwa ajili ya mapafu ya mama zetu. Ila mtungi wa gesi ukifika Kinondoni na Temeke, mchoma mkaa wa Miono atakosa mnunuzi, na sijaona fungu lake likitajwa kwa uzito unaostahili.

Kilosa kuna mfano. Tangu 2012 vijiji kadhaa vimetenga misitu yao kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya 2002, vikaigawa vitalu vidogo vinavyovunwa kwa zamu na kuachwa miaka 24 vichipue. Ushuru wa mkaa unaingia kwenye mfuko wa kijiji, na umejenga madarasa. Kitalu kikichipua sawasawa, hewaukaa iliyotoka inarudi kwenye visiki, na mkaa huo unabaki na deni dogo.

Ombi langu kwa Serikali ni dogo na halina gharama kubwa. Kila gunia halali hupita kwenye kizuizi na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Kibali kiandikwe kijiji linakotoka na wilaya linakokwenda, na ripoti ijayo ya gesijoto ichapishe jedwali la safu mbili, moja ya kulikokatwa miti na nyingine ya kulikopikwa chakula. Kisha fedha za tabianchi zitakazokuja kwa jina la misitu zigawanywe kwa kusoma safu zote mbili, ili Halmashauri ya Chalinze iingie kwenye mazungumzo hayo na tarakimu zake mkononi.