Mcheza Kwao Hutunzwa. Je, Asiye na Kwao?

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na dada yangu aliyeko Kasulu. Baada ya salamu, na habari za mvua na maharage, akasema: "Kaka, mpwa wako hataki tena shule. Kuna mtu amepita Kibondo na huku kwetu, anasema ni wakala, atawapeleka vijana Ulaya wakacheze mpira. Anataka fedha ya pasipoti na ya majaribio. Shemeji yako ameshaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi."

Kisha akampa kijana simu. Kijana ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu. Akaniambia: "Mjomba, mbona Irankunda alizaliwa huku huku kwetu?"

Hapo hakusema uongo. Nestory Irankunda alizaliwa mkoani Kigoma mwaka 2006, mtoto wa wakimbizi kutoka Burundi, akapelekwa Australia angali mchanga. Mwaka 2024 akaingia Bayern Munich. Hiyo ndiyo habari iliyofika Kasulu. Ambayo haikufika ni kwamba Januari 2025 alipelekwa kwa mkopo Grasshopper ya Uswisi, na Julai mwaka huo huo akahamia Watford ya Uingereza. Kuanzia Adelaide alikotoka hadi Watford, ni nchi nne katika mwaka mmoja.

Ndugu msikilizaji, tukizungumza juu ya kandanda ya kulipwa huwa tunawataja mabingwa wachache ambao picha zao zimebandikwa kwenye vinyozi na kwenye daladala. Lakini walio wengi katika kazi hiyo ni watu wa kiguu na njia. Leo mkataba wa mwaka mmoja hapa, kesho mkopo wa miezi sita pale. Kocha mpya akija, mchezaji wa kocha wa zamani hufungasha mizigo yake.

Mfano mzuri ni Gaël Bigirimana, kiungo ambaye wapenzi wa Yanga watamkumbuka. Alizaliwa Bujumbura tarehe 22 Oktoba 1993. Siku moja kabla yake, tarehe 21, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alikuwa ameuawa. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na nawakumbuka watu waliokuwa wakiingia Kasulu kwa miguu, mama na mtoto mgongoni, baba na godoro kichwani. Wengine walikwenda Kibondo, wengine Ngara. Familia ya Bigirimana ilipita njia nyingine, na mwaka 2004 mtoto huyo akajikuta Coventry, Uingereza.

Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa njiani kwenda dukani kununua maziwa, akapita karibu na kituo cha vijana cha timu ya Coventry City, akaingia na kuomba ajaribiwe. Hatimaye alikubaliwa. Mwaka 2011 alikuwa timu ya wakubwa, na mwaka 2012 akanunuliwa na Newcastle United ya Ligi Kuu. Desemba mwaka huo aliifunga Wigan. Alikuwa na umri wa miaka 19.

Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa nzuri ya kubandika ukutani. Lakini mwaka 2015 alipelekwa kwa mkopo Rangers ya Scotland, na kwa sababu ya afya hakucheza hata mechi moja. Akarudi Coventry, na mwaka 2017 akafunga bao uwanjani Wembley katika fainali ya kombe la timu za madaraja ya chini, Coventry ikaishinda Oxford United 2-1. Kisha Motherwell. Kisha Hibernian. Kisha Solihull Moors. Kisha Glentoran ya Ireland Kaskazini. Mwaka 2019 alikuwemo katika kikosi cha Burundi kilichocheza fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, kule Misri. Mwaka 2022 akaja Yanga. Hakudumu. Akarudi Ireland Kaskazini, katika timu ya Dungannon Swifts.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, huyu kwao ni wapi? Wako watakaosema ameshindwa, kwa kuwa alishuka kutoka Newcastle. Mimi nasema ni mfanyakazi. Fundi mwashi akimaliza nyumba moja huchukua mwiko wake akatafuta nyumba nyingine, wala hatumwiti mshindwa. Nasi tulioko vijiweni tunaowazomea wachezaji wa namna hiyo, tungefanya vema kukumbuka jambo hilo.

Basi nilimweleza mpwa wangu mambo mawili. La kwanza, Irankunda na Bigirimana hawakupelekwa ng'ambo na wakala. Walikwenda na familia zao zilizokimbia vita. Sheria za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi hadi nchi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na mtu kupita na mfuko wa kukusanya fedha si mojawapo. Wakala wa kweli ana leseni, na hulipwa sehemu ya mapato ya mchezaji mkataba ukishapatikana. Halipwi kwa mbuzi wa mzazi.

La pili, hata akifika huko, kazi yenyewe ni ya begi mkononi, na kufikia miaka 35 wengi huwa wameimaliza. Aliyeacha shule kidato cha tatu atashika nini baada ya hapo? Acheze UMISSETA, aonekane, na mtihani afanye.

Kijana alikata simu bila kuaga. Jioni dada akanipigia tena. Mbuzi hajauzwa, ila kijana hataki kula. Nimemwambia amwekee chakula chake, atakula. Na ninyi wazazi wa Kibondo, kama mtu huyo bado yuko huko, mwombeni kwanza awaonyeshe leseni.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.