Dawa Pacha: Kwa Nini Jina la Dawa Lisomwe Lote



Tunawaomba kwanza mtazame viganja vyenu viwili. Kila kimoja kina vidole vitano, vilivyopangwa kwa utaratibu ule ule. Mkivikutanisha uso kwa uso, vinalingana. Lakini mkikiweka kimoja juu ya mgongo wa kingine, dole gumba moja litaelekea kushoto na jingine kulia. Kiganja kimoja ni taswira ya kingine katika kioo, wala hakiwezi kushika nafasi yake. Ndiyo maana kiatu cha kulia hakiukubali mguu wa kushoto.

Molekuli nyingi zilizojengwa kwa kaboni zina hali hiyo hiyo. Atomi moja ya kaboni ikishikana na vitu vinne visivyofanana, vitu hivyo huweza kupangwa kwa namna mbili, moja ikiwa taswira ya nyingine. Idadi ya atomi ni ile ile. Kinachotofautiana ni upande tu. Maumbo yanayotofautiana kwa mpangilio wa namna hii huitwa stereoisoma. Mwaka 1848 Louis Pasteur wa Ufaransa alizitenga kwa mkono, chembe kwa chembe, fuwele za aina mbili zilizokuwa pacha za namna hiyo.

Jambo hili linamhusu vipi mnunuzi dukani? Mwili wetu nao umejengwa kwa molekuli zenye upande. Dawa huingia mahali pake mwilini kama mguu uingiavyo kiatuni: umbo moja hukaa sawasawa, pacha wake huenda asikae, au akaenda kufanya kazi nyingine kabisa.

Tuchukue mfano wa setirizini, dawa ya mzio ijulikanayo na wengi. Kidonge chake cha miligramu 10 ni mchanganyiko wa pacha wawili, nusu kwa nusu. Mmoja wao ndiye afanyaye sehemu kubwa ya kazi. Pacha huyo akitengwa, huuzwa peke yake kwa jina la levosetirizini, na kidonge chake huwa cha miligramu 5. Basi mtu akimeza setirizini asubuhi, kisha akanunua levosetirizini jioni akidhani ni dawa nyingine, atakuwa ameirudia dozi ile ile. Usingizi unaoweza kumshika ni hatari, hasa kwa dereva au mwendesha mashine. Na mwenye maradhi ya figo ana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari.

Historia nayo imetufundisha kwa machungu. Mwaka 1957 dawa ya thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi kwa ajili ya usingizi, na wajawazito wengi wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Ilikuwa mchanganyiko wa pacha wawili. Hadi ilipoondolewa sokoni huko mwishoni mwa mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walikuwa wamedhurika tumboni mwa mama zao, wengi wakazaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Wapo wasemao kwamba kumtenga pacha mmoja kungetosha kuzuia msiba ule. Sivyo: ndani ya mwili pacha hao hugeuka, huyu akawa yule. Kutenga pacha si dhamana ya usalama. Kila dawa hupimwa kwa tabia zake yenyewe.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, someni jina lote la dawa, si jina la biashara pekee. Silabi ndogo za mwanzo kama “levo” au “es” zina maana. Pili, msibadilishe dawa moja kwa pacha wake bila kumuuliza mfamasia, kwani dozi huweza kutofautiana. Tatu, msizitumie zote mbili kwa pamoja. Nne, msiamini kwamba pacha aliyetengwa, ambaye mara nyingi bei yake ni kubwa, lazima awe bora kwenu. Ulizeni atawafaa kwa lipi.

Mkienda hospitali au duka la dawa, chukueni boksi la dawa mnayoitumia. Kuuliza si ujinga, bali ni kinga.