Kijiji cha Mababu: Tuulize Kwa Nini Walihama



Leo tuzungumze juu ya watu wanaosafiri mbali kutafuta kijiji cha mababu zao. Wengi wakifika hutafuta jina makaburini, hupiga picha, basi. Sisi twaona hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza: waliishije, na mbona waliondoka?

Hebu tuchukue Tolpuddle, kijiji kidogo cha Dorset, kusini mwa Uingereza. Kufikia 1833 vibarua wa mashamba huko walikuwa wamepunguziwa mshahara kutoka shilingi 9 kwa juma hadi 7, wakatishiwa kwamba utafika 6. Utalishaje watoto na hiyo? Ndipo George Loveless, mhubiri wa Kimethodisti, akaunda chama pamoja na wenzake.

Chama chenyewe hakikuwa kosa. Lakini walikuwa wamekula kiapo cha siri, na Machi 1834 watu 6 wakahukumiwa kupelekwa Australia kwa miaka 7. Wake zao walipoomba msaada wa maskini pale kijijini, walinyimwa. Waliowachangia ni wafanyakazi wenzao wa sehemu nyingine.

Watu waliandamana, na msamaha ukatolewa 1836. Walirudi, lakini baadaye 5 kati yao walihamia Kanada pamoja na jamaa zao. James Hammett peke yake ndiye aliyekaa Tolpuddle. Alifariki 1891 katika nyumba ya maskini ya Dorchester, akazikwa uani mwa kanisa la kijiji. Jiwe la ukumbusho liliwekwa kaburini 1934, miaka 100 baada ya kesi.

Sasa, kitukuu wa wale 5 akitoka Kanada hatapata kaburi la babu yake pale. Atauona mti mkubwa ambao husemwa walikutana chini yake. Akiuliza habari za mshahara, ndipo atajua kwa nini yeye alizaliwa Kanada.

Kwa hivyo, anayetaka safari kama hiyo aanze nyumbani. Awaulize wazee, aandike majina na miaka. Kisha atazame vitabu vya ubatizo na ndoa. Uingereza viliagizwa kuwekwa tangu 1538.

Na kama katika ukoo yuko babu aliyefungwa, tusifiche jina lake. Kwanza tuulize alishtakiwa nini, na watoto wake walikuwa wanakula nini siku hizo.