Kongwa Inangoja Kamera



Ikitajwa Kongwa, wengi hukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miaka ya 1960 Tanzania iliwapa wapigania uhuru kambi papa hapa. FRELIMO walikuwapo, ANC walikuwapo, SWAPO nao walikuwapo. Samora Machel aliongoza mafunzo ya askari wake hapa kabla vita vya Msumbiji havijaanza Septemba 25, 1964.

Samora alipokuwa Rais aliijua nguvu ya picha. Mwaka 1976 serikali yake iliunda taasisi ya filamu, na magari ya sinema yakazunguka vijijini yakionyesha habari zilizoitwa Kuxa Kanema. Mwaka 1979 Ruy Guerra, mzaliwa wa Msumbiji, alitengeneza filamu juu ya mauaji ya Mueda ya Juni 16, 1960, Wareno walipowapiga risasi wananchi waliokusanyika kwenye ofisi ya mtawala. Hakutafuta waigizaji mashuhuri. Watu wa Mueda wenyewe waliigiza yaliyowapata, na walioshuhudia wakasimulia.

Hapo ndipo penye somo kwetu. Mashahidi wa Kongwa tunao, lakini tunawazika mmoja mmoja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amepita miaka 80. Je, tunamngoja mgeni aje na kamera yake?

Lakini filamu hiyo isiwe ya kusifu tu. Mwaka 1968 wanachama saba wa SWAPO waliokuwa Kongwa waliulalamikia uongozi wao, wakaishia kizuizini katika nchi hii yetu. Hilo nalo lisemwe. Waulizwe pia akina mama waliozaa na wapiganaji, kisha wakabaki na watoto baba zao walipokwenda vitani au kurudi makwao. Vita vya haki havimwondolei mtu haki zake. Tukificha hayo, wajukuu wetu hawatatuamini hata tukiwaeleza ushujaa wa kweli.

Siku hizi vijana wengi wana simu zenye kamera. Walimu wa historia wawatume kwa wazee. Kwanza waombe ruhusa, na mzee akikataa jambo fulani lisirekodiwe, aheshimiwe. Waandike jina, kijiji na tarehe. Mzee aachwe aseme Kigogo kama ndiyo lugha inayomtoka vizuri. Maneno ya Kiswahili yataandikwa chini ya picha. Nakala zitunzwe shuleni na katika maktaba, zisibaki ndani ya simu ya mtu mmoja.

Na filamu ikikamilika, ionyeshwe Kongwa kwanza, kabla ya Dar es Salaam na Windhoek. Waliotoa maji na chakula kwa wageni wale wana haki ya kuwa wa kwanza kujiona na kusema, hapa mmekosea, hapa mmesema kweli.