Malisho Nayo Yawe na Daftari



Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walioondolewa Bonde la Usangu, Mbarali, walielekezwa na mifugo yao mikoa ya Pwani na Lindi. Rufiji ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizowapokea. Tangu hapo mkulima na mfugaji wanabishana juu ya jambo moja: malisho haya yanatosha ng'ombe wangapi?

Mpango wa matumizi bora ya ardhi huonyesha mpaka wa malisho, lakini hauonyeshi kama ndani yake bado kuna majani. Hilo hujulikana kwa kupima.

Kwa Chumbi tunapendekeza hivi. Zichaguliwe sehemu za kudumu na kupigwa vigingi. Kila mwaka, mwisho wa masika na tena kabla ya vuli, mkulima na mfugaji watembee pamoja hatua 100, wakiandika kila hatua wamekanyaga nini: nyasi, kichaka au udongo mtupu. Kisha wakate majani ndani ya fremu ya mita 1 kwa mita 1, wayaanike na kuyapima.

Tuchukue mfano. Gramu 200 katika fremu ni sawa na tani 2 kwa hekta. Nusu iachwe kulinda udongo na mizizi, hivyo inabaki tani 1. Ng'ombe wa kilo 250 hula takriban kilo 6 za majani makavu kwa siku, yaani zaidi ya tani 2 kwa mwaka. Basi ng'ombe mmoja anahitaji hekta 2 na ushee.

Kipimo kimoja hakitoshi. Mwaka wa mafuriko, kama yale ya Aprili 2024, haufanani na mwaka wa ukame.

Ndugu wafadhili, lambo hupendeza katika picha, daftari halipendezi. Lakini lambo likichimbwa penye malisho yaliyochoka, huvuta mifugo zaidi na kumaliza majani yaliyobaki. Tunaomba kila mradi wa maji ya mifugo utengewe fedha za upimaji kwa miaka 5.

Nanyi wanakamati, himizeni daftari hilo litunzwe ofisi ya kijiji na kusomwa katika mkutano wa kijiji, mbele ya Waislamu na Wakristo, wakulima na wafugaji. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.